Machela ya Bibi Providencia

Kazi yangu ni kuwachagulia wazee wanaoshuka melini magofu yatakayowafaa. Pale bandarini Mahahual, pwani yetu sisi Wamaya, wanasema Fidelia Cauich ana mdomo, na ni kweli ninao, lakini mzee niliyempeleka mimi harudi akilalamikia magoti. Nataka kivuli, choo cha karibu na njia tambarare. Mwenye miguu mibovu simpeleki kwenye ngazi hata anililie. Piramidi aitazame kutoka chini. Kwani babu zetu walioijenga walimruhusu kila mtu kupanda kule juu?

Siku hiyo nilimpata Bibi Providencia, mwalimu mstaafu kutoka milima ya Puerto Rico. Alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, binti yake Migdalia akimsukuma.

"Nimewafundisha watoto habari za Wamaya tangu ujana wangu," akaniambia. "Kitabu kilikuwa na picha moja tu, ya jiwe. Nataka kuliwekea mkono hilo jiwe lenyewe. Nikirudi nyumbani nakatwa mguu, mwanangu, na sidhani kama nitasafiri tena."

Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida tu. Migdalia akageuza uso.

"Niachie mimi, Bibi," nikajibu. "Nina magofu yenye njia laini, kiti chako kitateleza chenyewe."

Domo langu hilo! Tulipofika tukakuta mvua ya usiku imeivuruga njia, tope tupu. Hatukwenda mbali magurudumu yakazama. Migdalia akavuta, mimi nikasukuma, kiti kikazidi kudidimia.

"Ndiyo njia laini hiyo?" Migdalia akanifokea. "Mama, turudi. Tutanunua picha nzuri dukani."

"Picha ninayo," mama yake akasema. Nilitamani ardhi inimeze.

Mlinzi wa pale ni Eustaquio, aliyemsimamia binti yangu Reina ubatizo. Akatoka kibandani na kupiga kelele, "Mama Reina! Leo umeleta watalii au umekuja kupanda mahindi?"

"Acha utani, mzazi mwenzangu! Fanya kitu!"

Akamtazama Bibi, asiulize zaidi. Akaingia kibandani, akaifungua machela yake anayolalia adhuhuri, akaifunga kwenye mpiko mrefu wa kubebea begani na kuwaita wafyekaji watatu waliokuwa wakikata majani. Kwetu ndivyo mgonjwa anavyotolewa shambani, hakuna la ajabu.

Lakini Bibi alipoiona ile machela inaning'inia kwenye mpiko, akajikunyata kitini. "Hapana. Humo siingii."

"Ni imara, Bibi. Eustaquio analala humo, na tumbo lake unaliona."

"Kwetu milimani anayebebwa hivyo ni maiti, au yuko njiani kuwa maiti. Baba yangu walimteremsha hivyo kwenda kwa daktari. Nilikuwa mtoto, nikawafuata nyuma. Akakata roho kabla hatujafika, na mpaka leo nasikia ule mpiko ukilia kwa uzito wake. Najua aliteseka mno. Jamani, niondoleeni hicho kitu."

Migdalia alikuwa hajapata kuisikia habari hiyo. Alimkodolea mama yake macho. Ila mimi kunyamaza sikujaliwa.

"Pole sana, Bibi," nikasema. "Lakini sisi huku tunazaliwa humo. Mimi nimezaliwa humo, wanangu nimewazaa humo. Na walivyoingia tumboni usiniulize, ni humo humo!"

Wafyekaji wakaangua kicheko. Eustaquio akajifunika uso kwa kofia. "Mama Reina, huna haya wewe!" Na Bibi, machozi bado yako mashavuni, naye akacheka, akacheka mpaka akakohoa. Kisha akatazama kule mbele, piramidi inakochungulia katikati ya miti, akanyoosha mikono.

"Haya, nishikeni vizuri. Nikifia humu, mtajieleza wenyewe kwa nahodha."

Wakaenda polepole, mpiko mabegani, miguu ikitafuta pa kukanyaga. Wakaambiana, "Taratibu, hapo kuna shimo, mwinue Bibi." Mimi na Migdalia tulishika kingo za machela, matope mpaka magotini. Mpiko ukalia, kweli ukalia, nami nikamwangalia Bibi kwa wasiwasi. Alikuwa anatazama majani juu.

Wakamsogeza mpaka kwenye jiwe la chini kabisa la piramidi. Akaliwekea kiganja, akalipapasa, akafumba macho. Nilidhani anasali.

"Migdalia," akaita. "Humu hamna maumivu."

"Mama?"

"Hamna kabisa. Unabembea tu. Unasikia watu wanahema karibu yako, wanaambiana taratibu, taratibu." Akalipapasa tena jiwe. "Baba hakuteseka, mwanangu. Walimbeba hivi."

Migdalia akapiga magoti topeni, akamkumbatia na machela yake. Mimi nililia, sioni aibu kusema, na Eustaquio akajifanya anahangaika na fundo la kamba. Bibi akaushika mkono wa kila mmoja wa wale wanaume wanne. "Mungu awalipe. Asanteni. Mmenifanyia kubwa, wala hamjui."

Halafu akawauliza kama wamechoka. Wakasema hapana.

"Basi nizungusheni piramidi yote," akasema. "Taratibu. Sina haraka."