Samahani Mma, Mimi Nina Mke

Jua lilikuwa halijazama vizuri mzee wa jirani, Rre Seabelo, aliposimama kwenye uzio wetu, kofia kichwani, akaniita kwa sauti ya chini kama mtu aliyeleta habari za aibu.

"MmaPono, njoo unisaidie. Ndani mwangu kuna mwanamke."

"Mwanamke gani, Rra?"

"Simjui. Mtu mzima, ana heshima zake, na kupika amepika. Lakini sasa anatandika kitanda changu! Mimi nina mke, Mma. Akirudi kutoka shambani akamkuta humo, mimi nitalala wapi? Hebu nenda ukaseme naye. Nyinyi wanawake mnaelewana."

Nilicheka hadi nikashika nguzo ya uzio. Halafu nikamwona Galefele, mkewe, amesimama mlangoni na foronya mkononi. Alikuwa amesikia kila neno. Kicheko kikanikauka.

Sisi ni majirani hapa Kanye tangu nilipokuja kuolewa. Rre Seabelo alikuwa fundi wa pampu za visima, na vijiji vingi vya huku kusini vimekunywa maji kwa kazi ya mikono yake. Alipostaafu alianza kusahau kidogo kidogo. Miwani ilipatikana ndani ya debe la unga. Siku nyingine aliondoka kwenda kutafuta ng'ombe aliokwisha kuwauza. Shemeji mmoja akasema kaka yake karogwa. Galefele akamwambia amalize chai yake aende zake, kisha akampeleka mumewe kliniki, na kliniki ikawatuma hospitali. Huko wakaambiwa kwamba huo si uchawi, wala si uzee tu. Ubongo unaugua, na dawa ya kuuponya bado haijapatikana. Galefele aliondoka na jina la ugonjwa, ila hakuna aliyemwambia kwamba ipo jioni ambayo yeye mwenyewe atageuka mgeni nyumbani kwake.

Usiku huo alilala kwenye chumba cha zamani cha binti yao Tshenolo. Asubuhi akaishusha ukutani picha ya harusi, akamwekea mumewe mbele ya macho.

"Huyu ni nani?"

Uso wa mzee ukang'aa. "Mke wangu! Umeitoa wapi picha ya mke wangu?"

"Ni mimi, Seabelo! Mimi Galefele!"

Mzee akamtazama msichana wa pichani, mwembamba, mwenye shingo ndefu. Kisha akamtazama aliyesimama mbele yake, ambaye tangu hapo amezaa, amelima na amekula vizuri.

"Mma," akasema kwa upole, "sitaki kukuvunjia heshima. Lakini hata wewe mwenyewe unaona."

Galefele alikuja kwangu akilia. Aliponisimulia hayo maneno ya mwisho, sijui nani alianza, tukajikuta tunacheka na machozi hayajakauka.

Lakini siku zilizofuata hazikuwa za kuchekesha. Kila alipomwambia "mimi ndiye mkeo", mzee alizidi kuwa mkali. Alisema mwanamke huyu mwizi amevaa hadi pete ya mkewe. Tshenolo, anayefundisha shule Gaborone, akaja mwishoni mwa wiki kumaliza jambo hilo. Ni mtoto mwenye akili na sauti kubwa. Akamketisha baba yake sebuleni.

"Papa, nisikilize. Huyu ni Mama. Mama! Mmeishi pamoja maisha yote. Kumbuka basi!"

Mzee aliinuka. Akachukua kofia yake, akatoka. Tukamtafuta mchana kutwa. Aliletwa na mtu mwenye mkokoteni wa punda, aliyemkuta kwenye barabara ya Jwaneng, vumbi hadi kwenye nyusi. Alipoulizwa alikokuwa akienda, alijibu, "Kumtafuta mke wangu. Kule nyumbani wamemficha."

Siku iliyofuata Galefele alikwenda kliniki peke yake, nami nikabaki na mzee. Nesi wa pale, Mma Sebina, ni mwanamke mnene asiye na haraka. Alimsikiliza mpaka mwisho, ndipo akauliza:

"Aliposhika njia ya Jwaneng, alikuwa anamtafuta nani?"

"Si mimi!"

"Ndiyo, wewe. Basi huyo mtu hajakuacha, Mma. Uso wako ndio umempotea. Ukimlazimisha akubali kuwa hajui kitu, unamtia hofu tu, na hofu ndiyo inayomtoa nyumbani. Acha kubishana naye. Ingia pale alipo, ukae naye hukohuko."

"Nikae naye kama nani sasa, kama mume wangu mwenyewe hanitaki?"

"Hilo utalijua wewe," nesi akasema, akacheka. "Wewe ndiye unayemfahamu mkewe vizuri."

Kesho yake asubuhi nilimwona Galefele akitoka kwa mlango wa nyuma. Alizunguka nyumba, akajifunga shali vizuri, akafika kwenye lango lake mwenyewe na kupiga hodi: "Ko ko!"

"Karibu!" mzee akaitika kutoka barazani.

"Dumela, Rra. Nimetumwa na mkeo. Palizi imemzidi kule shambani, kaniomba nije kukutazama kidogo, nihakikishe unakula."

Nyie, mngemwona yule mzee! Alisimama, akavua kofia, akamvutia kiti. "Nilijua! Nilijua hawezi kuniacha hivihivi. Kaa, Mma, kaa. Hajambo lakini? Mgongo wake je?"

"Mgongo unamsumbua," Galefele akasema, na haukuwa uongo.

Tangu siku ile nyumba ikatulia. Mzee alioga alipoambiwa "mkeo anasema uoge". Alikula, alimeza vidonge vyake vya presha, alibadilisha shati. Mimi nilimpelekea bomba letu lililoharibika, akalifungua na kulifunga wiki nzima akiwa na furaha yake. Wanawake wa chama chetu cha mazishi tukapanga zamu za kushinda naye, ili Galefele apate kwenda kwaya, au alale tu. Maana alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka hata upole unamwishia.

Kilichomkera kilikuwa kimoja. Siku moja alikuja kwenye uzio, mikono kiunoni.

"MmaPono, unajua kaniambia nini leo? Nimemwekea nyama ya kuponda na ugali wa mtama. Kala, kafuta mdomo, kasema, 'Asante, Mma, unajitahidi. Lakini siku moja ule nyama anayopika mke wangu.' Unajitahidi! Mapishi ni yaleyale, sufuria ni ileile!"

"Basi shoga, umeshindwa."

"Na nani? Na mimi mwenyewe!"

Lakini kulikuwa na upande mwingine, na huo aliniambia taratibu. Mzee alikuwa si mtu wa maneno. Katika ndoa yao yote hakuwahi kumwambia mkewe kwamba ni mzuri. Sasa, kwa kuwa anaongea na mgeni, alisema yote. Jinsi anavyocheka. Jinsi alivyosimama imara ndugu walipotaka kuwanyang'anya shamba. Galefele alikuwa anamenya maboga huku akisikiliza habari zake mwenyewe.

"Ulimpata wapi huyo mkeo?" akamuuliza siku moja.

Mzee akatazama huku na huku. "Usimwambie lakini."

"Simwambii."

"Nilitumwa kijijini kwao kutengeneza pampu. Nikamwona kwenye foleni ya maji, anagombana na mbuzi aliyetaka kunywa kwenye ndoo yake. Kazi ikaisha siku ileile. Sasa nitarudi kwa sababu gani? Nikailegeza nati moja."

"Ukafanya nini?"

"Nikailegeza. Pampu ikafa, wakaniita. Nikatengeneza, nikalegeza nyingine. Mpaka mara ya tatu ndipo akaniuliza jina."

Galefele aliweka kisu chini. Mwaka ule alikuwa amebeba maji kutoka mtoni kwa kichwa, akiilaani ile pampu na fundi wake asiyejua kazi. Na siku zote aliamini kwamba alichaguliwa na wajomba, kwa sababu familia zilifahamiana.

"Mshenzi mkubwa wewe," akamwambia.

"Ndiyo," mzee akakubali, amefurahi. "Lakini si nilimpata?"

Tshenolo aliporudi likizo na kumkuta mama yake anapiga hodi kwake mwenyewe, hakupenda hata kidogo.

"Mama, unamdanganya. Umejifanya mtumishi ndani ya nyumba yako!"

"Mwanangu, nikimwambia ukweli wako, analia na kutoroka. Nikija na habari za mkewe, anakula. Niambie, kati ya hayo mawili, lipi ndilo kumheshimu?"

Mchana huo baba alimtazama Tshenolo kwa muda mrefu, kisha akamwita kwa jina la Mmadira. Mmadira alikuwa dada mkubwa wa mzee, marehemu siku nyingi. Niliona binti anafungua mdomo kusahihisha, kisha akaufunga.

"Naam, kaka."

"Ulikunywa maziwa yangu ya mgando, ukasema ni paka."

"Nisamehe, kaka. Njaa ilinishika."

Mzee akacheka mpaka akakohoa. Tshenolo naye akacheka, akamshika mkono, na mzee hakuutoa.

Ilikuwa bahati kwamba binti alijifunza mapema, kwa sababu siku chache baadaye mambo yaliharibika tena, na kwa namna ambayo hakuna aliyeitarajia. Galefele alipopiga hodi, mzee alimpokea akiwa amesimama, kofia kifuani.

"Mma, kuanzia kesho usije."

"Nimekosa nini?"

"Hujakosa. Mimi ndiye. Nikiamka nasikilizia lango, kama umefika. Hilo si zuri. Mke wangu yuko shambani anateseka kwa ajili yetu, nami huku nakusubiri wewe. Nenda, Mma, kabla sijafanya aibu."

Galefele aliketi palepale kwenye ngazi. Aliniambia baadaye kwamba hajapata kusikia neno tamu kama lile, wala lililomtia katika shida kubwa namna ile. Akajaribu: "Mkeo anaridhika, Rra. Hana wivu na mimi."

"Hana wivu? Basi wewe humjui! Nilipomsalimia mwalimu wa kwaya alininyima chai wiki nzima!"

Hapo ndipo Tshenolo alipoitwa. Alitoka ndani amevaa shali la mama yake, akajikohoza kama wafanyavyo mashangazi, akaketi kwenye kiti kikubwa.

"Seabelo. Mimi dada yako mkubwa nimesikia. Jambo hili tumelizungumza ukoo mzima, na wajomba wamekubali, na mkeo mwenyewe ametoa kauli. Mama huyu ni wa kwetu. Atakaa hapa, atakutunza, na atalala chumbani mwako, ukishikwa na kikohozi akusikie. Hakuna aibu."

Mzee alifikiri sana. "Mmadira, na watu?"

"Watu watapewa chai."

"Basi nataka pazia," akasema. "Kati ya vitanda. Mimi ni mume wa mtu."

Tukafunga pazia, la maua mekundu. Galefele akarudi chumbani mwake kama mgeni mwenye kibali.

Hivyo ndivyo wanavyoishi mpaka leo. Siku mbaya zipo. Zipo siku anazolia bila kujua sababu, na siku ambazo Galefele anakuja kwangu kukaa tu kimya. Lakini asubuhi moja ya majuzi alivuka uzio mbio, hajafunga hata kitambaa kichwani.

"Amelifungua!" akasema. "Kafungua pazia, kanitazama, kasema, 'Galefele, nani kaweka takataka hii hapa katikati?'"

"Ukamjibuje?"

"Nikamwambia, 'Wewe.' Kasema, 'Mimi? Sina akili!' Tukanywa chai kitandani, MmaPono. Kanishika goti. Halafu chai ikaisha, akavaa kofia, akanisalimia kwa heshima kama mgeni, akalifunga pazia."

Nilimtazama nione kama analia. Hakuwa analia. Alikuwa ameshika mmoja wa mikate yangu ya moto na anaupuliza, anauliza kama nina siagi.