Khanga Mabegani

"Ikiwa mabegani, watu wapo. Ikipanda kichwani, watu wanaondoka. Rudia."

Milembe alirudia. Alikuwa amesimama katikati ya uwanja wa nyumba yao, jua la asubuhi likimpiga usoni, khanga ya rangi ya machungwa imemlalia mabegani. Baba yake, Jilala, alikaa kwenye kigoda akimkagua kama mtu anayetaka kununua ndama.

"Na usitangetange. Wewe miguu yako haina breki. Nikiinua macho nataka nikukute palepale, kando ya ngoma ya Maganga."

"Ndiyo, baba."

"Sema kwa sauti, mayu. Utadhani unaongea na sisimizi."

Alimwita mayu, mama, kama wanaume wa kwao wanavyowaita binti zao mioyo yao ikiwa myepesi. Lakini wepesi wa Jilala siku hiyo ulikuwa na wasiwasi ndani yake. Alikaa, akainuka, akaenda kuchungulia ngozi ya ngoma, akarudi, akakaa tena upande mwingine wa kigoda.

Pamba ilikuwa imeshatoka mashambani, na bonde zima, kutoka vilima vya mawe hadi barabara ya Nkololo, lilikuwa limebaki na mabua na vumbi. Huo ndio wakati wa mbina, mashindano ya ngoma. Watu waliokuwa wameinama tangu mvua za kwanza wananyoosha migongo, na aliyezaliwa Mgika anakumbuka kuwa ni Mgika, aliyezaliwa Mgalu anakumbuka kuwa ni Mgalu. Makundi hayo mawili, Bagika na Bagalu, huingia uwanja mmoja, kila moja upande wake, yakaimba na kucheza kwa wakati uleule. Hakuna jaji mwenye filimbi wala meza. Waamuzi ni watazamaji wenyewe, na wanaamua kwa miguu. Jua likigusa kilima, mwenye watu wengi ndiye mshindi.

Jilala alikuwa ningi wa Bagika, mtunzi na mwimbaji wao mkuu. Msimu uliopita alishindwa na Mabula, ningi wa Bagalu. Msimu wa kabla ya huo pia. Vijana wake walikuwa wameshaanza kusema, tena bila kushusha sauti, kwamba wakishindwa tena watatafuta ningi mwingine. Ndiyo maana safari hii Jilala alikwenda kwa mganga, akaogeshwa dawa, akapewa na mwiko wake: akianza kuimba asigeuke nyuma mpaka jua lizame. Akigeuka atakuwa amewafungulia watu njia ya kwenda kwa mwenzake.

Ningi huimba akiwatazama wachezaji wake, na watazamaji wanakuwa mgongoni kwake. Sasa atajuaje kama wapo? Mwaka jana aliwategemea wachezaji, kila mmoja akamwambia lake. Mwaka huu alimchagua Milembe, msichana wa kidato cha tatu ambaye darasani huitikia jina lake mara ya pili kwa sababu ya kwanza haisikiki. Mtu asiyesema sana, aliwaza Jilala, atakuwa anaona sana.

"Na nikipandisha?" Milembe aliuliza, ingawa jibu alilijua.

"Ukipandisha, nautoa ule wimbo."

"Na nisipopandisha?"

"Watu wakiwepo sina haja ya kuutoa. Ule ni wimbo wa shida."

Ule wimbo ulimhusu Lukresia, mama yake Milembe.

Lukresia aliondoka msimu wa kupanda. Hakukuwa na ugomvi. Alichoka tu kuolewa na ngoma, kuachiwa shamba na ng'ombe mwezi hadi mwezi mumewe akizunguka vijiji na kundi lake. Akaenda Binza, kule Maswa mjini, akafungua kiduka cha vitenge na sabuni. Hayo Milembe aliyajua, na baba yake aliyajua. Lakini ndani ya wimbo Lukresia alikuwa amepanda lori la pamba, amekaa karibu sana na dereva, na bado anacheka.

Siku Jilala alipokuwa akiutunga, alimwita bintiye jikoni. "Mama yako alipoondoka alibeba nini?"

"Kioo," alijibu Milembe.

Midomo ya Jilala ilicheza. Jioni, kwenye mazoezi, aliimba: mke wangu kabeba kioo, kaniachia ukuta nijitazame. Kwa Kisukuma maneno yaligonga vizuri zaidi. Wachezaji walicheka mpaka wakaegemea majembe yao ya kuchezea, na Maganga mpiga ngoma akafuta machozi kwa kiwiko. "Hicho kioo umekitoa wapi, ningi?" "Muulize huyu," alisema Jilala, akimwonyesha Milembe. Kwa mara ya kwanza maishani, watu walikuwa wamecheka kwa sababu ya neno lililotoka mdomoni mwake. Alirudi ndani akiwa na joto masikioni. Siku kadhaa zilipita akilirudia neno lile kichwani, akichota maji, akisafisha ubao, akifurahi, na kila akifurahi akitaka kuhama pale alipokuwa, kana kwamba furaha yenyewe ilikuwa na viroboto.

Mchana ulipofika uwanja ulikuwa umejaa. Wauza miwa, wauza samaki wa kukaanga, pikipiki zimeegeshwa kwenye kivuli cha migunga, simu mikononi tayari kurekodi. Milembe alikuwa akipenya kuelekea kwenye ngoma pale mkono ulipomshika kiwiko.

"Mwadila, mayu."

Alikuwa mama yake. Amevaa gauni la kitenge lisilofahamika nyumbani, na sandali mpya zilizokwishaliwa na vumbi.

"Mwadila, mama."

"Umekua. Shingo imekuwa ya bibi yako kabisa."

"Umekuja kuuza?"

"Nimefunga duka leo. Nimekuja kumsikiliza baba yako." Lukresia alitazama kule ambako Bagika walikuwa wakijipaka chokaa nyeupe. "Mengine tutabishana mpaka tuzeeke, lakini sauti anayo."

"Utasimama wapi?"

"Swali gani hilo? Mimi nimecheza Bagika wewe hujazaliwa. Nisimame kwa Mabula nifanye nini?"

Milembe alitaka kumwambia aende. Maneno yalifika hadi kwenye meno yakakaa hapo. "Jua ni kali," ndilo lililotoka.

"Jua la wapi, mwanangu, na upepo wote huu?"

Alimkimbilia baba yake kumwambia nani amekuja. Alikuwa ameshachelewa: Jilala alikuwa ndani ya duara la majivu, amefumba macho, na akiwa pale haongeleshwi na mtu. Maganga alimsukuma kwa fimbo ya ngoma, taratibu, mpaka mahali pake. "Simama hapo. Leo wewe ndiye macho yetu."

Ngoma zikaanza.

Mwanzoni hapakuwa na tatizo. Jilala aliimba juu ya mvua iliyochelewa, juu ya bei ya pamba, juu ya mwalimu mgeni aliyekimbizwa na bata, na watu walisongamana nyuma yake hadi watoto wakapandishwa mabegani. Kila alipoinua macho aliiona khanga ilipo, akaongeza sauti. Majembe yalipanda na kushuka, vumbi likapanda nayo. Lukresia alikuwa safu ya mbele, akipiga makofi kwa mdundo wa zamani ambao wachezaji wapya hawaujui.

Kisha upande wa pili ukapiga kelele.

Mabula alikuwa ametoa mtu wa mbao. Mrefu kupita paa la darasa, amevaa suti, mkononi ana simu ya mbao ambayo kwa kamba iliyofichwa ilipanda sikioni na kushuka. Shingo yake ilizunguka. Akainama kwa heshima kuwasalimia wazee, na uwanja wote ukaangua kicheko. Walianza kuondoka watoto, wakafuata vijana wenye simu. Halafu umati wenyewe ukajikunja, ukamiminika kule, kama maharage gunia linapotoboka.

Milembe alishika ncha za khanga.

Baba yake aliinua macho. Alikuwa kwenye ubeti wa bata. Khanga mabegani. Akaendelea.

Maganga aliyaona yote. Alimkazia macho Milembe, akanyanyua kidevu kuonyesha kichwa. Pandisha. Milembe aliangalia miguu yake. Ilikuwa ikitaka kukimbia, haikujua wapi. Akipandisha khanga sasa, wale wote watarudi. Alijua, kwa sababu hakuna mtu wa mbao anayeweza kushindana na mke aliyekimbia. Simu zitanyanyuliwa. Neno lake, kioo chake, litapigiwa makofi na bonde zima, na kabla jua halijazama litakuwa limefika Binza, litamngoja mama yake mlangoni pa duka. Wachungaji wataliimba nyuma ya ng'ombe. Wanafunzi wataliimba kwenye bomba. Na dereva wa lori, ambaye hajawahi kuwepo, atakuwepo.

Na bado aliutaka ule wimbo. Hilo ndilo lililomuumiza. Alitaka kusikia watu wanavyocheka kwenye neno kioo.

Ngoma ya Maganga iliacha mdundo wake ikapiga mara moja, kavu, kama anayegonga mlango. Milembe alimtazama mama yake. Nyuma ya Jilala uwanja ulikuwa umebaki wazi: vikongwe wasioweza kunyanyuka haraka, muuza miwa na baiskeli yake, na Lukresia. Hakuwa ametazama nyuma hata mara moja. Alikuwa bado akipiga makofi, peke yake, ameinamisha kichwa, midomo ikifuata kila neno la yule mwanaume aliyempa mgongo.

Jilala aliinua macho, akayaacha hapo. Hakuyashusha upesi kama mwanzo. Jasho lilikuwa limechora mistari kwenye chokaa. Milembe aliivuta khanga, akaikaza mabegani, akakunja ngumi zake juu ya ncha zake. Kwa mara ya kwanza siku hiyo miguu yake ilitulia.

Baba yake aliimba wimbo wa bata hadi mwisho. Akaanza mwingine wa zamani, wa kupalilia. Jua likagusa kilima likiwakuta hapo.

Njiani Maganga alitembea mbele, ngoma mgongoni. "Tumetengeneza jicho lenye chongo," alisema bila kumgeukia mtu. "Ningi, binti yako ametuuza."

"Alisimama nilipomwambia asimame," alijibu Jilala.

Mmoja baada ya mwingine vijana walichepuka kwenye njia za makwao, na hakuna aliyeuliza mazoezi ni lini. Nyuma, chini ya vilima, ngoma za Bagalu zilikuwa bado zinalia. Baba na binti walibaki wawili.

"Watu wengi wakiondoka, ardhi inasema," Jilala alisema baada ya mwendo mrefu. "Niliwasikia kwenye nyayo. Nikakutazama, nikakukuta umesimama kama ng'ombe aliyegoma kuvuka mto."

Milembe alizikaza ncha za khanga.

"Waliobaki ni kina nani?"

"Vikongwe. Muuza miwa." Akameza mate. "Mama."

"Mama nani?"

"Mama yangu."

Jilala alisimama. "Upande gani?"

"Wa kwetu."

"Mpaka lini?"

"Mpaka mwisho, baba."

Safari hii alikuwa amesema kwa sauti, na wote wawili walisikia.

Jilala alinyoosha mkono. "Nipe hiyo nijifute." Alijifuta uso taratibu, chokaa ikatoka na vumbi na jasho, mpaka akabaki mtu wa kawaida aliyechoka. Hakumrudishia khanga. Aliitupia mabegani mwake mwenyewe, akapanda hadi pale njia inapoinuka, na hapo, kwa kuwa jua lilikuwa limeshazama, akageuka nyuma. Kule chini taa moja ya pikipiki ilikuwa ikisogea kuelekea barabara ya Maswa, njia ya kwenda Binza, ikipotea kwenye migunga na kutokea tena. Aliitazama mpaka Milembe akaanza kuhisi baridi.