Tezi Ndani ya Ulimi

Maabara nzima ilimwita Wembe, na jina hilo alilipokea kwa mikono miwili. Kwa miaka kumi na sita kazi yake ilikuwa kukata vipande vya nyama za wagonjwa vilivyogandishwa ndani ya nta. Alivikata vyembamba mpaka ukivipulizia vinaruka, akavielesha kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, kisha akavinasa kwa slaidi za kioo. Kukosea, alipenda kusema, ni kwa wenye papara. Wenzake walichoshwa na maringo hayo lakini waliyavumilia, maana kweli hakuna aliyewahi kumkuta na kosa.

Asubuhi moja alikata vipande viwili. Kimoja kilikuwa cha tezi ya mate, ile ya chini ya taya, ya mama mmoja asiyemjua. Cha pili kilikuwa cha ulimi, na fomu yake ilikuwa na jina la mjomba wake, kaka wa mama yake, aliyemlea tangu akiwa darasa la pili. Mjomba ni mwonja chai kiwandani: huvuta funda kwa kelele, akalizungusha mdomoni, akalitema, kisha akakwambia majani yamekaa ghalani muda gani. Kidonda kilimtokea nyuma kabisa ya ulimi, na daktari wa upasuaji alishasema wazi kwamba kikiwa saratani, nusu ya ulimi inaondoka.

Kazi ya Wembe ilikuwa kukata, kutia rangi na kupeleka. Kusoma slaidi ni kazi ya daktari. Lakini nani angejizuia? Aliiweka slaidi ya mjomba kwenye hadubini, akainama.

Upande mmoja aliona seli zilizobanana ovyo, zenye viini vikubwa vyeusi. Miaka kumi na sita inatosha kuzitambua, hata kwa asiye daktari. Ilikuwa saratani. Akaisogeza slaidi kidogo, na hapo akili ikamruka. Aliona mashada ya seli za zambarau zilizojipanga kuzunguka vijitundu, na vijifereji vikipita katikati. Tezi ya mate!

"Wewe umefuata nini humu?" aliiuliza tezi, kwa sauti kabisa.

Haikumwingia akilini. Kwa alivyojua yeye, tezi za mate zinakaa shavuni, chini ya taya na chini ya ulimi, basi. Hata bango la ukutani lilionyesha hivyo. Labda kijipande cha yule mama kilibaki kinaelea kwenye beseni. Akamwaga maji, akasugua beseni, akabadilisha wembe wa mashine, akakata upya. Tezi palepale. Akakata mara ya tatu. Palepale. Akasoma namba za slaidi na fomu kuanzia mwanzo, akazisoma kuanzia mwisho, kisha akajikuta amesimama katikati ya chumba ameshika chupa ya rangi, hajui alikuwa anaipeleka wapi.

Ndipo wazo likamjia: amechanganya. Namba ya mjomba ameibandika kwenye tezi ya yule mama. Furaha ilimpanda mpaka akaona aibu, maana alikuwa anamtwika saratani mtu asiyemjua ili mjomba abaki na ulimi wake. Aliitazama slaidi ya yule mama. Nayo ilikuwa tezi, tena tulivu, haina tatizo lolote. Zote mbili tezi? Sasa ulimi umekwenda wapi? Swali hilo hakutaka kulijibu. Alizibeba slaidi zote mbili hadi chumba cha daktari.

"Daktari, nimeharibu. Nimechanganya vipande."

Daktari, mwanamke wa makamo asiye na haraka, alivua miwani. "Wewe, Wembe? Au naota?"

"Kweli kabisa. Hii imeandikwa ulimi, lakini ndani imejaa tezi za mate."

Daktari aliinama kwenye hadubini, akatabasamu.

"Nani kakudanganya kwamba ulimi hauna tezi? Kule nyuma, chini ya vile vinundu vikubwa, una tezi zake ndogondogo. Mate yake yanaosha ladha ya kwanza ili ya pili isikike. Bango lenu limechora zile kubwa tu. Na hii misuli hujaiona? Mingine imelala, mingine imesimama, mingine inakatiza. Misuli ya namna hii ni ya ulimi tu."

"Labda beseni, Daktari..."

"Beseni halifanyi hivi. Tezi na misuli vimeshikana, ni kipande kimoja. Kazi yako safi, dada. Hujakosea hata chembe."

Siku nyingine angeyabeba maneno hayo mpaka chumba cha chai, kila mtu ayasikie. Leo yalimkata maini: kama hakukosea, saratani ni ya mjomba.

"Tazama tena," alisema. "Mimi huwa nakosea. Nakosea sana, Daktari, ni vile tu sisemi."

Daktari aliacha kutabasamu. Aliivuta fomu, akasoma jina, akamwangalia usoni.

"Huyu ni nani kwako?"

"Mjomba wangu."

Daktari aliiweka fomu chini. Alirudi kwenye hadubini, akaipitia slaidi taratibu, kutoka pembe moja hadi nyingine, ingawa wote wawili walishajua ataona nini. Kisha akachukua kalamu.