Glasi ya Baba kwenye Mkuku

Nilirithi mambo mawili kwa marehemu baba yangu, Abasi: ukaidi, na karakana ya kupaka matumbo ya mitumbwi hapa Rumonge, kando ya ziwa. Mitumbwi yetu huburutwa juu ya changarawe kila asubuhi, na mkuku, ile mbao ndefu ya chini, hulika upesi. Baba alichanganya gundi nzito na unga mweupe wa plastiki, akaupaka mkuku, nao uliteleza juu ya mawe miaka na miaka.

Ninachokikumbuka zaidi ni glasi yake. Kabla ya kuchanganya alijaza maji, akasema bismillahi, akatia unga kidogo na kukoroga kwa kidole. Aliitazama glasi ile kwa muda mrefu, kofia imemkaa upande. Kisha akayamwaga maji kwenye mkuku. Mtaa mzima ulijua ni dua, kama maji ya kombe yanayofutiwa aya. Hata Wakristo waliorudi kutoka ukimbizini Tanzania hawakukubali kuondoka na mtumbwi usiomwagiwa. Siku nyingine baba aliitazama glasi, akanuna, akafunga karakana. Tulinong'ona kwamba dua imekataa. Jamani, namkumbuka mzee yule.

Alipofariki nilinunua unga mwingine Bujumbura. Ulikuwa mweupe vilevile, laini vilevile. Nikasema bismillahi, nikatia, nikamwaga, nikaupaka mtumbwi wa Bernardo, mvuvi wa Minago aliyekuwa mteja wa baba tangu arudi kutoka uhamishoni.

Mwezi uliofuata ulipojaa, siku ambazo taa hazivuti ndagala, dagaa wa ziwa letu, na wavuvi hukaa nchi kavu, Bernardo alikuja na kipande cha mpako wangu mkononi.

"Amahoro, dada Tahira. Kazi yako iko inabambuka yote," alisema. "Mimi sina ubaya na weye. Lakini giza likirudi nikiwa bado na mkuku hivi, nitapeleka mutumbwi kwa wengine. Na wenzangu wa Minago watanifuata."

Hakuwa ananitisha. Minago ikiondoka, karakana ya baba inafungwa, na mimi ndiye niliyeiua.

Nilikwenda kwa mama, nikamwambia kwamba pengine dua yangu haina baraka kama ya baba. Mama Mariyamu aliacha kuchambua mchele, akanitazama kama mtu aliyezaa hasara.

"Dua gani, mwanangu? Bismillahi alisema hata akivaa viatu. Ile glasi alikuwa anapima unga."

Akachukua kopo la unga wangu, akatia kidogo kwenye maji, akakoroga. Unga ukabaki juu, mkavu kabisa.

"Plastiki hii ni ile ya bidoni za kuchotea maji," alisema. "Haishiki maji, haishiki gundi, haishiki kitu. Ule wa baba yako ulipitishwa kwenye gazi, hewa kali, kiwandani, ukabadilishwa ngozi tu. Ndani ni plastiki ileile, ngumu, inateleza. Lakini ngozi yake inapokea maji, na inayopokea maji inapokea na gundi. Mara ngapi unga ulielea, akarudisha mufuko Bujumbura?"

Hizo ndizo siku za kununa. Miaka yote nilisimama karibu yake, na sikuwahi kuitazama glasi. Nilikuwa namtazama yeye.

Mama aliingia chumbani, akatoka na bati lililofungwa kwa kitambaa. Juu yake, kwa kalamu na mwandiko wa baba uliopinda, paliandikwa: umeingia majini. Ulikuwa unga wake wa mwisho. Mama alikuwa ameutunza kwa ajili ya mwandiko ule. Nilimwambia siwezi kuuchukua.

"Hakuuacha tuulilie," alisema, akanisukumia.

Nilikwangua mkuku wa Bernardo mpaka mbao ikaonekana. Nikajaza glasi, nikasema bismillahi, nikatia unga wa baba, nikakoroga. Safari hii nilitazama. Unga uliingia wote, maji yakawa meupe kama maji ya muhogo, na machozi yakanitoka mbele ya mteja bila aibu. Nilimweleza Bernardo kila kitu: si dua, ni kipimo. Unga mwingine nitaufuata Bujumbura mwenyewe, na glasi nitakwenda nayo mkobani.

Nilipaka. Gundi ilishika, na kesho yake nilijaribu kuibandua kwa kisu, ikagoma. Bernardo alirudi, akapapasa mkuku, akaridhika. Lakini hakuondoka. Alisimama akiitazama glasi iliyokuwa bado juu ya meza na maji yake.

"Nimekwambia ni kipimo tu," nilisema.

"Nimesikia, dada. Murakoze, asante. Sasa mwaga."

Nikamwaga.