Babu Asiyeweza Kutazama Dari

Picha kumi na moja za watu waliojitolea kujaribiwa dawa, na zote zilisema jambo lile lile: dawa haikai puani. Inapulizwa, inang'aa kidogo kwenye skrini, mara inateremka kooni na kupotelea tumboni, ambako haina kazi.

"Ijumaa tunafunga jalada," alisema profesa aliyeongoza utafiti. "Dawa imeshindwa, basi."

Fundi wa kamera ya mionzi, aliyezipiga picha hizo, alizipitia tena moja moja. Mdogo wake alikuwa na kifafa, na kikimkamata meno hufungana, kidonge hakipiti. Dawa hii ya pua ndiyo aliyoisubiri miaka yote. Nani angekwenda kumwambia imeshindwa?

Mtu wa kumi na mbili kujitolea alikuwa mshonaji nguo mstaafu mwenye shingo iliyokakamaa.

"Babu, tazama dari," fundi alimwambia, kama alivyowaambia wengine.

"Mwanangu, mimi na dari tuliagana miaka minane iliyopita. Likianguka mtaniambia."

"Haya, kaa hivyo hivyo."

Akampulizia. Kamera ikaanza kufuata chembe za mionzi zilizochanganywa na dawa. Dakika tano. Kumi. Ishirini. Doa la mwanga lilikuwa pale pale, juu puani, halijasogea hata kidogo.

"Huyo ni mmoja, tena mgonjwa wa shingo," profesa alisema. "Mtoe kwenye hesabu."

Fundi alirudi chumbani akabandua ukutani karatasi ya maelekezo. Mstari wa tatu: inua uso, tazama dari. Aliuandika mwenyewe bila kuuliza mtu, kwa kuwa ndivyo mama alivyowatia matone ya mafua yeye na mdogo wake, vichwa vikining'inia ukingoni mwa kitanda. Aibu ikamshika. Angenyamaza, hakuna ambaye angejua. Akapiga moyo konde, akaenda kubisha hodi.

"Dawa haina kosa, Profesa. Kosa ni langu. Dawa tuliimwaga kooni sisi wenyewe. Kwenye orodha wamebaki watu sita. Niachie niwapime wakiwa wamekaa wima."

"Unajua hili litaingia kwenye ripoti, na jina lako?"

"Liandike kwa herufi kubwa."

Profesa alichukua kalamu, akatia saini kibali.

Wale sita walikaa wima kama wanapigwa picha ya kitambulisho. Katika watano dawa ilitulia puani. Wa sita alipiga chafya, akaipulizia kamera dozi nzima. Fundi akaifuta huku akicheka na kulia.

Ijumaa mchana mdogo wake alipiga simu. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Dada, ulisema leo wanafunga jalada. Wameshafunga?"

"Hawajafunga. Safari bado ndefu, lakini dawa ipo hai. Na siku ikifika, mwambie shemeji asikurudishe kichwa nyuma."

"Si wewe ndiye uliyemfundisha hivyo, kwa matone ya mafua?"

"Ni mimi," fundi alisema. "Ndiyo maana namfundisha upya."