Mkono Uliozuia Upepo

Chema chajitembeza, kibaya chajiuza. Wahenga walisema kinyume chake, lakini wahenga hawakuwapo Iringa siku ile ya mwaka 1957, mama yangu alipoteremka kwenye basi na vumbi la siku mbili. Alikuja kuuona mkono wake katika picha niliyoipiga. Picha ilikuwa ukutani kwenye maonyesho, wageni wameizunguka. Mkono haukuwamo.

Niliukata mimi.

Wakati huo nilikuwa msaidizi katika studio ya Mzee Zubery, Mbeya. Watu walikuja kwetu kupigwa picha wamesimama wima, kofia mkononi. Mimi nilitaka vidogo: mguu wa nyuki, umande kwenye unyoya wa jani. Mzee akaniazima kamera ya miguu mitatu, nikapanda nayo nyumbani Uporoto, ambako okidi ya porini ilikuwa imechanua ukingoni mwa shamba la pareto la mama. Juu ya ua alikaa vunjajungu mchanga, mdogo kama punje ya mpunga.

Kwa ukaribu ule kamera hutaka sekunde mbili za utulivu. Upepo wa kwetu hautoi hata moja.

"Sasa unangoja nini?" mama aliuliza.

"Upepo utulie."

"Basi utaolewa ukiwa hapo hapo."

Akaenda kunawa. Alisugua mikono kwa majivu, akaisuuza mara tatu, kwa sababu pareto huua wadudu na yeye alikuwa ametoka kuichuma. Kisha akapiga magoti, akalishika shina kwa vidole viwili, akabana pumzi. Ua likasimama. Vunjajungu hakujua kwamba kuna mtu.

Katika chumba cha giza, picha ilipoibuka ndani ya dawa, lilitangulia ua, akafuata mdudu na miiba ya miguu yake, mwisho mkono. Ngozi iliyopasuliwa na pareto. Kucha ya gumba iliyomeguka. Udongo ulioyashinda majivu. Nilikuwa peke yangu gizani, na bado uso uliniwaka.

"Mkono huo ndio picha, binti yangu," Mzee Zubery alisema alipoiona.

"Wataona kucha, mzee."

"Na waone."

Alipokwenda kuswali adhuhuri, nilichukua wembe.

Mama hakujua. Huko Uporoto alikwisha kulitangazia kanisa zima kwamba mkono wake unakwenda Iringa, na alipokuja kwenye maonyesho alimleta jirani yake, Alinanuswe, awe shahidi. Alisogea hadi kwenye picha. Akainama, akatazama ukingo wa chini wa fremu kama anayechungulia uvunguni.

"Mama Ikupa, mkono uko wapi?" Alinanuswe aliuliza. "Au ni huu wa mdudu?"

Papo hapo mgeni mmoja akanigeukia, akataka kujua nililitulizaje ua katika upepo wa milimani.

"Kwa subira," nilijibu.

Mama alisikia. Aliingiza mikono ndani ya kanga, polepole, mmoja baada ya mwingine.

"Nilitetemeka," akamwambia Alinanuswe. "Ukaharibika, wakauondoa. Kosa langu."

Hakutetemeka. Nilisimama hatua moja kutoka kwao, nikanyamaza.

Tangu hapo Alinanuswe alimwita Mtetemekaji, kisimani, shambani, hata mlangoni pa kanisa, na mama alicheka kila mara. Mwaka huu tumemzika mama. Kaka yangu Lutengano, mzee wa kanisa, ndiye pekee niliyemweleza, naye anataka nisimame Jumapili nitubu mbele ya usharika, kama ilivyo desturi yetu.

"Sema samahani tu, Ikupa. Upumue."

Naijua desturi. Nitalia, kina mama wataanzisha pambio, watanikumbatia kabla sijafika mwisho, nao watakuwa wamenisamehe kosa ambalo wao hawakutendewa. Nitatoka mlangoni nikiwa mwepesi, ninashikwa mkono.

"Nitawaambia kwamba hakutetemeka," nilimjibu kaka. "Hilo nitalisema, na Alinanuswe akiwa pale pale. Samahani siombi."