Harufu ya Limau Barazani

Nchi ya Kitangani ilikaa kwenye bonde lenye rutuba, mashamba yake yakinyweshwa na mfereji mmoja, na mfereji huo, kama kila kitu chenye faida, ulimilikiwa na wanaume wenye viganja laini. Mtawala wao, Mtukufu Laini wa Tatu, hakuwa ameshika mwiko wala ufagio tangu azaliwe, na sifa hiyo ilichorwa kwenye bendera: kiganja kitupu kisicho na hata mkunjo. Mara moja kila mwezi wanaume walikusanyika barazani, wakanyoosha mikono, na wanusaji wa serikali wakapitisha pua zao. Aliyekutwa na harufu ya moshi au kitunguu alinyang'anywa kigoda, na asiye na kigoda hakuwa na sauti wala zamu ya maji. Wanawake hawakunuswa. Ilijulikana wananuka nini, na hakuna aliyeuliza kwa nini.

Mwinshehe alikuwa na kigoda cha babu yake, shamba la mpunga, na mke aliyempenda kuliko vyote viwili, ingawa hakuwahi kumwambia. Kidawa alipojifungua mapacha na mgongo ukagoma kabisa, Mwinshehe aliingia jikoni akinyata kama mwizi. Uji alioupika ulikuwa na madonge ya kumkaba ng'ombe. Kidawa aliunywa wote, akacheka mpaka akashika mbavu.

"Kesho koroga kabla haujachemka, baba watoto," alisema. "Na huo moto usiupulize kama una ugomvi nao."

Akajifunza. Akaujua pia uzito wa ile ndoo ambayo kwa miaka tisa aliiona ikiingia ndani kana kwamba ina miguu yake, na akaona haya. Kila alipomaliza kupika, Kidawa alimsugua viganja kwa limau, kidole kwa kidole, taratibu, na katika ndoa yao yote hawakuwahi kushikana mikono muda mrefu kiasi hicho.

Siku ya baraza Kidawa alikuwa na wasiwasi. "Wakikunusa, mpunga utakauka. Waambie ilikuwa dharura tu."

"Nikisema dharura, ukipona nitarudi kukaa nikutazame ukibeba ndoo. Siwezi tena, mke wangu."

Barazani mnusaji aliinama juu ya viganja vyake, akakunja uso. "Mtukufu, moshi hakuna. Lakini huyu ananuka limau."

Akamnusa wa pili. Limau. Wa tatu, limau. Miezi kadhaa malimau yalikuwa hayaonekani sokoni, na kila mume alidhani ni yeye peke yake aliyeyamaliza.

"Mwanaume anasugulia nini limau?" Mtukufu alifoka.

Mwinshehe aliufikiria mpunga wake, uliokuwa ndiyo kwanza unatoa masuke. Kisha akavifikiria vidole vya Kidawa.

"Kutoa kitunguu, Mtukufu. Mke wangu amejifungua mapacha. Mimi ndiye ninayepika."

"Acha kigoda, utoke!"

Akainuka. Nyuma yake kigoda kingine kililia sakafuni. Alikuwa mzee Kibasila, mfungua mfereji. "Mimi nafua," alisema, kwa sauti ya mtu aliyetua mzigo. Wakainuka wawili, wakainuka kumi, na mwisho mnusaji mwenyewe akanusa vidole vyake, akavua kofia ya serikali, akawafuata.

Mwinshehe aligeuka mlangoni. Katikati ya vigoda vitupu Mtukufu Laini alikuwa amepeleka viganja vyake puani, akivuta pumzi mara ya kwanza, mara ya pili, na ilionekana wazi kwamba havinuki chochote.

"Wewe," aliita, sauti imemshuka. "Uji... huanza maji, au unga?"

Mwinshehe hakujua kama ule ulikuwa mtego au njaa. Alimwonea huruma hata hivyo.

"Maji kwanza, Mtukufu," akajibu, akaondoka mbio, maana maharage aliyaacha motoni.